Mwanga Wako Usiwe Giza la Mwenzio

Ndugu msomaji, leo nakuomba tufuatane hadi Makumira, kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, mwendo mfupi kabla ya kufika Usa River. Ni siku ya Jumamosi, saa moja na nusu za jioni. Giza limekwisha kutanda, na Mlima Meru umejifunika mawingu yake. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira wanarejea mabwenini, vijana wa bodaboda wanagombea abiria wa mwisho, na akina mama waliotoka soko la Tengeru wanapita pembeni ya lami, mmoja nyuma ya mwenzake, mizigo kichwani.

Nilikuwa nimesimama hapo kituoni nikingoja gari la kurudi mjini, ndipo ilipotokea Land Cruiser moja kutoka upande wa Usa River. Juu ya keria yake ilifungwa taa ndefu, nyembamba, iliyojaa vitaa vidogo vidogo, na yote ilikuwa ikiwaka. Kwa muda wa kupepesa macho mara mbili tatu, hakuna mtu hata mmoja pale kituoni aliyeona kitu. Gari lilipopita tukasikia kishindo. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameukosa ukingo wa lami na kutumbukia mtaroni, yeye na mzigo wake wa ndizi.

Dereva alisikia kelele zetu. Akasimamisha gari mbele kidogo na kurudi mbio kwa miguu.

"Shikamoo mama," alisema akihema. "Nisamehe mama yangu. Nilidhani umeniona."

"Marahaba," akajibu yule mama huku ameshika kifundo cha mguu. "Gari lako sikuliona, baba. Niliona weupe mtupu."

Tulimpakia katika gari lile lile, tukampeleka zahanati. Mfupa haukuvunjika, lakini mguu ulikuwa umevimba, na aliambiwa akae nyumbani. Kwa mtu ambaye riziki yake iko katika miguu, kuambiwa akae nyumbani si jambo dogo.

Njiani nilizungumza na dereva. Si mhuni wala mlevi. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa watalii, na sasa ana gari lake mwenyewe, kuukuu lakini imara, ambalo hubebea familia na vikundi vya wanafunzi waendao kupiga kambi Momella na Ngarenanyuki. Taa ile aliinunua siku tatu kabla, kwa akiba ya miezi miwili, na kufungiwa na fundi wa kando ya barabara. Nilimwuliza kwa nini hakuizima alipofika lami. Akanijibu kwa unyonge, "Ndugu mwandishi, haina swichi yake. Nikiwasha taa kubwa za gari, nayo inawaka."

Kesho yake kutwa alinikubalia tufuatane naye gereji, kwa fundi umeme aliyezoea kazi hiyo. Mengi nitakayokueleza leo tuliyapata hapo, gari likiwa limefunguliwa boneti.

HAJA NI YA KWELI

Kwanza tumtendee haki dereva huyu. Haja ya taa ya ziada kwa gari la kazi yake ni ya kweli. Ukiiacha barabara kuu pale Usa River na kuelekea kaskazini, utafika lango la Ngongongare la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kisha Momella kwenye maziwa yake, kisha Ngarenanyuki. Upande huo wa nyuma wa Meru, mlima wenye urefu wa mita 4,566, mvua ni haba na vumbi ni jingi. Msimu wa mvua ukifika, udongo wa volkano hugeuka utelezi. Kuzurura na gari usiku ndani ya hifadhi bila kibali hakuruhusiwi, na dereva mwema huhesabu saa ili afike kambini mapema. Lakini gari hupasua tairi, gari hukwama nje ya hifadhi jua likizama, na hema wakati mwingine husimamishwa gizani. Taa za kawaida za gari humulika mbele tu. Hazikuonyeshi korongo lililo ubavuni, wala hazimulikii nyuma ambako watoto wanashusha mizigo.

Na taa hizi za LED zimeleta neema kubwa. Balbu ya zamani ilikuwa na uzi unaopashwa moto mpaka ung'ae. Sehemu kubwa ya umeme wake ilipotea kuwa joto, na mtikisiko wa njia mbaya uliukata uzi huo mara kwa mara. LED haina uzi. Ni chembe ndogo inayotoa mwanga umeme unapopita ndani yake. Chembe za rangi nyekundu zilikuwapo tangu miaka ya 1960, lakini mwanga mweupe ulisubiri ufundi wa chembe ya buluu, uliokamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura mwenye asili ya Japani, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo mwaka 2014.

Kwa hiyo simlaumu dereva wetu kwa kununua taa. Kosa liko katika namna alivyoichagua, na zaidi katika namna ilivyofungwa.

NAMBA ZA BOKSI

Katika duka alikonunua, ambalo sitalitaja, aliulizwa swali moja tu: "Unataka ya wati ngapi?" Akachagua iliyoandikwa namba kubwa kupita zote, wati 300. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na siku hizi kibaya hujitembeza kwa namba.

Wati si kipimo cha mwanga. Ni kipimo cha umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Taa nzuri ya LED hutoa kiasi cha lumeni 100 kwa kila wati moja, na pengine zaidi. Balbu ya zamani yenye uzi ilitoa kama 15 tu. Taa mbili zinaweza kula wati sawasawa na mwanga wao ukatofautiana sana.

Hata hizo wati zenyewe zilikuwa za uongo. Fundi alichukua kipima umeme, akawasha taa na kusoma: ampia 2.8, kwa volti 13. Zidisha namba hizo mbili, ndugu msomaji, utapata wati 36 na kidogo. Taa ya wati 300 za kweli katika gari la volti 12 ingekula ampia 25. Dereva alinyamaza kimya. Alikuwa amelipia mia tatu na kupewa thelathini na sita.

Lakini usidhani wati 36 ni kidogo. Ndizo zilizomwangusha mama yule. Na hapa ndipo penye kiini cha somo letu la leo: taa haichaguliwi kwa nguvu yake, huchaguliwa kwa mahali ambapo mwanga wake unaangukia.

KURUSHA NA KUTAWANYA

Mbele ya kila chembe ya LED kuna kioo au kikombe kinachouongoza mwanga, na kwa jinsi hiyo taa zimegawanyika aina mbili. Ipo taa ya kurusha, ambayo huubana mwanga katika pembe nyembamba, aghalabu nyuzi 10 hadi 30, na kuupeleka mbali. Ipo na taa ya kutawanya, ambayo huufungua kwa nyuzi 60, 90 au zaidi, ukaenea karibu na gari, kulia na kushoto. Zimo pia za mseto, zenye sehemu zote mbili.

Taa ya kurusha ni ya mtu aendaye kasi mahali wazi. Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, washindani walisafiri usiku na mchana, na katika miaka iliyofuata safu ya taa mbele ya bampa ikawa kama alama ya mashindano hayo. Watu wale walihitaji kuiona kona kabla hawajaifikia. Wewe uendaye Momella na watoto, mwendo wako ni wa pole, na haja yako ni kuona jiwe lililo hatua kumi mbele, shimo la pembeni, na kigingi cha hema. Haja hiyo hutimizwa na taa ya kutawanya. Tena huhitaji iliyo kali mno, kwani mwanga hupungua haraka kadiri unavyokwenda: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika unakuwa robo tu. Kwa jambo la karibu, taa ndogo inatosha.

Mahali pa kuifunga pana maana vilevile. Taa iliyo juu ya keria hulimulika boneti na vumbi lililo mbele ya macho ya dereva mwenyewe, akaona ukuta mweupe badala ya njia. Ikifungwa chini, usawa wa bampa, mwanga hupita chini ya sehemu kubwa ya vumbi na ukungu, na kila shimo huonyesha kivuli chake. Nayo iliyokusudiwa kambi hufungwa ubavuni au nyuma ya gari, ikitazama chini.

Tazama na rangi. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mwanga wa 6,000 na kuendelea ni mweupe wenye ubuluu. Wa 3,000 ni wa manjano kama wa moto wa kuni. Ule mweupe unapendeza dukani, lakini ndio unaowavuta zaidi wadudu. Mezani kwenye chakula, chagua wa manjano.

VUMBI, MAJI NA JOTO

Chombo cha porini sharti kistahimili pori. Tafuta kwenye taa herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa, maana yake vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji: 7 ina maana taa inaweza kuzamishwa maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Basi IP67 yatosha kwa msafiri wa kawaida. Anayeosha gari kwa mashine ya maji ya kasi atafute IP69K.

Joto nalo halijatoweka. LED hutoa mwanga mbele na joto nyuma, na joto hilo lisipopata njia chembe hufifia na kufa kabla ya siku zake. Ndiyo sababu taa nzuri ina mgongo wa alumini wenye mapezi mengi, nayo ni nzito mkononi. Ukishika taa kubwa nyepesi kama kopo tupu, irudishe kwenye rafu. Kama muuzaji anakubali, iwashe kwa dakika kumi huku ukimulika ukutani. Ikianza kufifia ungali dukani, itakuwaje Ngarenanyuki?

Lakini boksi laweza kuandikwa lolote, kama tulivyokwisha kuona. Basi tumia na macho yako: mpira wa kuziba uwe umekaa sawasawa pande zote, skurubu zisiwe za kushika kutu, na waya unaotoka ndani uwe mnene.

UFUNGAJI

Tulipofungua boneti tulimwona mkosaji wa pili. Waya wa taa ya juu ulikuwa umesokotwa kwenye waya wa taa kubwa za gari na kuzungushiwa utepe. Hapakuwa na fyuzi yake, wala swichi, wala rilei. Mahali pa msokoto utepe ulikuwa umekwisha kuyeyuka. Fundi alitikisa kichwa. "Hapa," alisema, "ulikuwa unasubiri moto."

Sikiliza jinsi inavyopasa kuwa, uweze kumsimamia fundi wako. Umeme wa taa utoke kwenye betri yenyewe, kwa waya wake peke yake. Karibu kabisa na betri iwekwe fyuzi, ili waya ukigusa bati fyuzi ikatike kabla waya haujaungua. Kisha ifuate rilei, kijiswichi kinachobeba mzigo mkubwa wa umeme kwa amri ya waya mwembamba utokao kwenye dashibodi. Na dashibodini iwepo swichi ya taa hiyo peke yake, penye kufikika kwa mkono bila kuinama.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya wati za kweli kwa volti 12, upate ampia. Taa mbili za wati 72 kila moja ni ampia 12. Fyuzi ya ampia 15 na waya wa milimita za mraba 2.5 vinafaa. Wenye malori wakumbuke kuwa mengi yao ni ya volti 24, hivyo wasome kwanza kama taa inakubali.

KAMBINI

Wapo wanaolitumia gari kama jenereta. Huwasha taa tangu jioni mpaka watu walale, na asubuhi gari haliwaki. Betri ya kuwashia injini haikuumbwa kwa kunyonywa polepole. Si vema kuitoa zaidi ya nusu. Betri ya ampia-saa 70 ikiwa nzima na imejaa, nusu yake ni 35. Taa ya wati 36 inakula ampia 3 kila saa. Usiku mmoja wa saa sita utasalimika. Usiku wa pili kabla hujawasha injini, umekwisha. Na betri kuukuu haingoji huo wa pili. Kule Momella kwenye nyati, kusukuma gari alfajiri si mchezo wa kumfanyia mtoto wa mtu.

Taa ya wati 10 ya kutawanya, inayokula chini ya ampia moja, inatosha meza na mlango wa hema. Mbili ndogo zilizowekwa pembe mbili ni bora kuliko moja kubwa, kwani kila moja hufuta kivuli cha mwenzake. Mwenye uwezo anunue taa yenye betri yake ndani, inayochajiwa na jua mchana, aache betri ya gari ipumzike. Zote zitazame chini. Usimulike porini kutafuta macho ya wanyama, na usimulike hema la jirani; naye alikuja kutafuta usiku.

Hata wewe usiye na gari somo hili linakuhusu, kwa kuwa taa hizi zimekwisha kuingia nyumbani, juu ya mageti na vibaraza vyetu. Taa ya wati 30 ikiwaka saa 12 kila usiku hula kama uniti 11 za umeme kwa mwezi. Ile ya zamani ya wati 500 ilizimaliza kwa siku mbili. Ni nafuu kubwa. Lakini ikitazama dirisha la jirani badala ya ardhi ya uani kwako, umejipatia ulinzi kwa usingizi wa mwingine.

BARABARANI

Nimelibakiza neno la barabara hadi mwisho kwa makusudi. Taa za ziada za porini hazina kazi kwenye barabara ya watu. Taa ya kawaida ya gari hutengenezwa ili ishushwe, mwanga ukatwe chini ya macho ya anayekuja. Taa ya kambi haina mkato huo. Humwaga mwanga kila upande, machoni mwa kila mtu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva wa bodaboda anayekutana nawe kwa mwendo huo, akipofuka sekunde tano tu, amekwenda mita 70 bila macho. Na kadiri umri unavyosogea, ndivyo macho yanavyochelewa kurudi.

Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, na imekuwa ikirekebishwa. Kabla hujatoboa bampa, pita kituo cha polisi wa usalama barabarani uulize kinachoruhusiwa. Kuuliza si ujinga. Ukishafunga, nunua na gamba la kuifunika taa, na uwe na desturi hii: ukikanyaga lami, zima, ukizima, funika.

Fundi wetu alimaliza kazi saa kumi jioni. Taa ile haikutupwa. Aliiteremsha kutoka kwenye keria, akaifunga nyuma ya gari ikitazama chini, kwa waya wake, fyuzi yake na swichi yake. Kwa bei aliyolipa dereva, ni taa duni. Kwa kumulikia watoto wakishusha mizigo, inafaa.

Jumamosi iliyofuata nilisimama tena pale kituoni Makumira. Land Cruiser ilipita ikitoka Usa River, taa zake zimeshushwa, na nyuma nikaona gamba jeusi limefunika ile taa. Dereva alinipungia mkono. Akina mama wa Tengeru nao walikuwa wakipita pembeni ya lami, mizigo kichwani. Nilimtafuta yule mama sikumwona. Nikaambiwa bado anachechemea, na kwamba dereva huenda kumjulia hali kila baada ya siku mbili. Ndizi zake kwa sasa anauza binti yake.